Daftari hilo lina kosa gani?

"Shangazi, mume wangu ni mkono birika. Kijana wetu ana miaka 19, yuko chuo hapa mjini. Babake humpa shilingi 2,000 kila Jumatatu, kisha humlazimisha aandike kila anachotumia, hata smokie ya barabarani. Jumapili usiku humkalisha mezani akampekua kama mshukiwa. Pesa huisha Jumatano, nami humtumia kidogo tu. Mwezi huu nimefuliza, yaani kukopa kwa M-Pesa, mara tatu. Nimwambieje amhurumie mtoto? Mama Kijana, Umoja."

Pole, mama. Uchungu wa mwana naujua. Lakini mumeo hana kosa.

Hebu tupige hesabu. Nauli kwenda na kurudi, tuseme 160. Chakula cha mchana 150. Hiyo ni 310 kwa siku, 930 kufikia Jumatano jioni. Hizo 1,070 zimeenda wapi? Sisemi anacheza kamari. Nasema hujui, na babake anataka kujua. Smokie si dhambi, ila bandu bandu huisha gogo, na kijana hatajua gogo limeishia wapi asipoandika kila bandu.

Sasa mbona hukusema kama mumeo anajua habari ya hizo "kidogo tu"? Hajui, mama. Kila Jumapili mtoto anamwonyesha babake daftari la 2,000 ilhali ametumia zaidi, na uongo huo umemfundisha wewe. Nayo Fuliza haisubiri: pesa yoyote ikiingia kwenye M-Pesa, deni linakatwa kwanza. Ndiyo maana ukafuliza tena na tena. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ndoa za siku hizi zinanitia uchungu. Watu wanalala kitanda kimoja, kila mtu na deni lake kwenye simu, kimya. Mtoto akishajua baba akifunga mlango mama hufungua dirisha, atazoea dirisha.

Leo usiku mwambie mumeo yote. Jumapili keti nao. Kijana asiandike kwa kukumbuka. Afungue ujumbe wa M-Pesa mmoja mmoja, maana kila mmoja unaonyesha kiasi, aliyelipwa na salio. Pesa taslimu aliyotoa kwa wakala aiandike siku hiyo hiyo, kabla hajalala. Nawe njoo na daftari lako, na hizo Fuliza tatu ziwe mstari wa kwanza.