Je, deni la mkopo la miaka tisa na kodi ya majengo (ile ya serikali, si ya kupanga) vimekufa, yaani haviwezi kudaiwa tena?

Usivichanganye. Ukomo wa kudai mkopo mahakamani, mara nyingi miaka 3 hadi 6 kutegemea nchi, kwa kawaida huanza siku uliyokiuka malipo, si siku uliyokopa. Angalia tarehe ya malipo yako ya mwisho: katika nchi nyingi ukilipa hata kidogo, au ukiandika “nitalipa mwezi ujao”, kabla muda haujaisha, saa inaanza upya. Wengi hunaswa hapo. Tena ukishtakiwa usinyamaze, katika nchi nyingi ukomo lazima uutaje kwenye utetezi. Kama hukumu ilishatoka, ina muda wake, mara nyingi mrefu zaidi.

Kodi ya majengo ni ngumu: mara nyingi hung'ang'ania mali yenyewe, hivyo malimbikizo na riba hukungoja siku ya kuuza. Omba taarifa ya deni la kodi hiyo, mwaka kwa mwaka.