Kwangu ni chujio la chai, basi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza "Unachemshaje yai bila ganda nyumbani, na unatumia kifaa gani?" Mi nimeona nijibu kwa urefu kidogo maana hiki kitu nakifanya karibu kila asubuhi, tangu baba alivyokuja kukaa kwetu huku Mbeya na daktari akamwambia apunguze mafuta. Baba mayai ndo chakula chake, ya kukaanga hatakiwi tena, ya kuchemsha na ganda akayala wiki mbili akayachoka, anasema yanamkaba. Ndo tukaanza hii ya kulivunja yai moja kwa moja kwenye maji.

Kifaa chenyewe ni chujio la chai. Lile la waya lenye mkono, siyo la plastiki, na kama mna kubwa kidogo ndo zuri zaidi maana yai linatakiwa likae lote bila kubanwa.

Kwa nini chujio. Vunja yai uliweke kwenye sahani nyeupe uliangalie vizuri, utaona ute wake uko wa namna mbili, kuna ule mzito umekishika kiini umesimama kabisa kama kilima, na kuna mwingine mwepesi unatambaa pembeni kama maji. Huo mwepesi ndo unaowakatisha watu tamaa, ukigusa tu maji ya moto unatawanyika nyuzinyuzi, sufuria inajaa povu na vitu kama pamba, unatoa yai limebaki kiini na matambara, na mtu anaona yeye ndo hajui kupika kumbe ni ule ute tu ungetolewa mapema. Sasa mi navunja yai kwenye kikombe, namimina polepole kwenye chujio juu ya bakuli, nalizungusha kidogo kwa mkono kama nusu dakika hivi, unaona kabisa ute mwepesi unapita unaning'inia chini ya waya halafu unadondoka, juu kunabaki yai limejikusanya linang'aa. Nalirudisha kwenye kikombe, nashusha mdomo wa kikombe mpaka uguse maji, naliachia. Usilidondoshe kutoka juu, litapasuka kiini.

Yai likikaa ute mwepesi unaongezeka. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana, hewa ya kaboni dayoksaidi inatoka taratibu siku hadi siku, na kadiri inavyotoka ule ute mzito unalegea unakuwa maji. Ndo maana yai la leo asubuhi la kuku wa jirani halihitaji hata chujio, linashuka limejikunja lenyewe, ila la kwenye trei ambalo hujui limekaa dukani siku ngapi lazima ulichuje. Mi kabla sijavunja naliweka kwenye bakuli la maji ya baridi, likilala chali chini ni jipya, likisimama wima lina siku zake, hilo nalichemsha na ganda lake, na likielea juu situmii kabisa.

Kabla ya kufika hapo nimenunua vitu jamani. Nilinunua vikombe vya silikoni vinne, vile vya kuelea juu ya maji unapaka mafuta ndani unavunjia yai humo. Kwanza mafuta yenyewe ndo tunayoyakimbia, halafu chini ute ulikuwa mgumu kama raba na juu bado mbichi unacheza, nikifunika na mfuniko mvuke unadondoka juu ya yai linakuwa na vijishimo. Nimejaribu pia upawa, unapaka mafuta kidogo, unavunjia yai ndani, unauzamisha nusu. Wa chuma unaungua chini haraka. Ule wa kifuu cha nazi alionitumia dada kutoka Tanga ulikuwa na afadhali kwa sababu kifuu hakipitishi joto haraka, ila unasimama umeshika upawa mpaka mkono unauma na linatoka yai moja. Kuna na wale wanaokoroga maji mpaka yazunguke halafu wanatupia yai katikati, inafanya kazi kweli kwa yai moja, la pili linaenda kugongana na la kwanza. Kwangu tuko watano.

Sasa kuhusu maji, maana hapa ndo nilipoteza mayai mengi kuliko kote. Dada yangu Tanga aliniambia dakika tatu, nikifanya dakika tatu huku yai linatoka na ute mbichi pembeni ya kiini, nikawa nadhani ni mtungi wa gesi unaishia. Kumbe ni mwinuko. Tanga iko baharini, maji yanachemka kwenye nyuzi 100, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu, huku maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo hata yakitokota vipi joto ni dogo kuliko la pwani. Mi naenda dakika nne, wakati mwingine nne na nusu. Wa Njombe na wa Nairobi mnaosoma hili nanyi ongezeni muda, wa Dar msiniige.

Ila msijibu hilo kwa kuongeza moto! Ute wa yai unaanza kushika kwenye nyuzi kama 60 na unakuwa mgumu kabisa karibu na 80, kiini kinaanza kuganda 65 na kwenye 70 kimeshashika, kwa hiyo maji yanayotokota kwa nguvu hayahitajiki, yanalirusha yai tu huku na huku mpaka linachanika. Nayaacha yachemke kwanza halafu napunguza moto mpaka nione vibofu vidogo vimekaa chini ya sufuria na kimoja kimoja ndo kinapanda. Kwenye jiko la mkaa ni kazi kuyashikilia hapo, afadhali uipue uweke pembeni, ufunike, uliache yai liive na joto lililobaki, na dakika uziongeze.

Siki naweka kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya lita moja hivi, inasaidia ute wa nje kushika haraka, isipokuwepo nakamulia ndimu. Ukizidisha yai linakuwa na ladha ya kachumbari na ngozi yake inakwaruza. Ukishalichuja vizuri hata bila siki linatoka zuri tu.

La baba nalipika peke yake mpaka kiini kishike kabisa, dakika sita, saba. Najua watu wengi uzuri wa yai hili wanauona kwenye kile kiini kinachotiririka, hata mi nalipenda hivyo, lakini mzee, mtoto mdogo na mama mjamzito sitawapa yai ambalo halijaiva, bakteria wa salmonela hawana utani na watu hao. Nalinyanyua na kijiko chenye matundu, nabonyeza kiini na kidole polepole, kikiwa kigumu kama ncha ya pua basi nalipumzisha kwenye kitambaa safi maji yaishe, ndo naweka juu ya mkate, pilipili manga, nyanya mbichi pembeni. Ule ute mwepesi uliochujika nao sitaki kuumwaga, naukusanya kwenye kikombe naumimina kwenye uji wa watoto ukiwa unachemka bado, nakoroga haraka, hawajui hata kama upo.

Siku ya wageni nayapika yote asubuhi mapema nayaacha laini kidogo, nayatumbukiza kwenye maji ya baridi na kuyaweka kwenye friji, wakikaa mezani nayarudisha dakika moja tu kwenye maji ya moto.

Na chujio lioshwe na maji ya baridi pale pale kabla hujakaa kula. Ukilipitisha kwenye maji ya moto ute unaivia kwenye zile nyaya, na hapo utachukua sindano kuutoa tundu moja moja, mi nimeshafanya hivyo usiku mzima wa Jumapili na chai ya kesho yake bado ilinukia yai.