Kozi ya mabosi na biashara changa: nenda ukiwa umeshaanza kuuza

Naulizwa sana hili swali, kwamba ni akili kweli kwenda kusoma zile kozi fupi za watendaji, sisi tunaziita kozi za mabosi, huku ndo kwanza unafungua biashara? Mi nasema nenda, ila usianze na kozi. Anza kuuza kwanza hata kama ni makopo machache kwa majirani na kwa wale uliokua nao kazini, alafu ndo uingie darasani na namba zako mwenyewe, maana mle ndani hamna mtu atakupa wazo la biashara, mle utafundishwa kuuliza maswali, na kama huna biashara ya kuiuliza hayo maswali utatoka na cheti na slaidi basi.

Mimi natengeneza siagi ya karanga hapa Dar. Niliacha kazi ya ofisini, na kozi nikaianza mashine ya kusaga ikiwa imeshafungwa na mzigo wa kwanza umeshafika madukani. Darasani nikajikuta na mameneja wa benki, jamaa wa bandari, dada mmoja wa bima, karibu wote wamelipiwa na ofisi zao, na mifano yote ni ya idara, bajeti ya mwaka, bodi ya wakurugenzi, sasa we idara zako ni kijana anayekaanga na binti anayebandika lebo. Hiyo isikutishe ila ijue mapema, kwamba kuyakata yale mambo yaenee kwenye biashara yako ni kazi yako wewe, mwalimu hana muda huo.

Somo lililonirudishia ada yangu ni la mzunguko wa hela. Nilikua najua faida kwa kila kopo, hesabu yangu ilikua safi tu, lakini kujua faida na kuwa na hela ya kununua karanga kesho ni mambo mawili. Chukua mfano huu: unapeleka supamaketi mzigo wa laki nane kila wiki na wao wanalipa baada ya siku 60. Siku 60 ni wiki nane na nusu hivi, zidisha kwa laki nane, unapata kama milioni 6.8 ya mauzo iko kwenye shelfu na mafaili ya watu kabla hujashika hata mia, na wakati huo wote karanga unanunua keshi, makopo keshi, umeme wa LUKU ndo kabisa haukopeshwi. Sasa wakikupenda wakaongeza oda mara mbili, we unashangilia, kumbe na hela unayowadai inaelekea milioni 13.6. Biashara nyingi zinafia hapo, zikiwa na wateja kibao.

Na kuna jambo lingine tulijadili siku hiyo, la supamaketi za Nakumatt za Kenya, ile iliyokua na matawi mpaka huku kwetu Dar na Moshi. Ilivyoanguka wasambazaji wakabaki wanadai mabilioni ya shilingi za Kenya, na mwaka 2020 wadai wenyewe ndo wakapiga kura ifungwe. Wenzangu wa benki walikua wanaisoma kama habari ya mkopeshaji, mi naisoma kama mtu mwenye makopo kwenye shelfu. Kuanzia hapo nikaamua supamaketi moja inatosha kwa sasa, nguvu nikazipeleka maduka ya mtaani, jimu na vituo vya watoto wadogo ambao wanachukua kidogo ila wanalipa papo hapo.

Somo la vihatarishi nalo usilikimbie ata kama linaboa. Kwenye karanga kihatarishi namba moja kina jina, sumukuvu, yani sumu inayotokana na ukungu, na 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yaliyokua nayo. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni jumla ya mikrogramu 10 kwa kilo, ni kidogo sana, na karanga zikihifadhiwa na unyevu zinapita hapo bila we kuona kitu kwa macho. Sasa mtu wa fedha anakwambia nunua nyingi msimu wa mavuno bei ikiwa chini ujaze stoo, mtu wa vihatarishi anakwambia stoo ya Dar na hili joto na unyevu ni balaa, na wote wako sahihi. Nilipeleka mgongano huo kama kazi yangu ya darasani na watu wakanichambulia jioni nzima, ushauri ambao nje ningelipia hela ndefu. Kwaiyo kila kazi utakayopewa fanya ya biashara yako, usikubali kuandika kuhusu kampuni ya simu ya Marekani ambayo hutaiona maisha yako yote.

Wasichofundisha ni makaratasi ya huku chini. Kusajili jina BRELA, namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya halmashauri, alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango (chakula kiko huko toka 2019, zamani ilikua mamlaka ya chakula na dawa, TFDA), hayo nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana mafunzo ya bei nafuu na ndo wanakupa barua ya utambulisho kama mjasiriamali mdogo ili serikali ikubebee gharama za TBS. Ukifika pale na cheti cha kozi ya mabosi hamna anayekiangalia.

Muda sasa. Kozi nyingi za namna hii zinabana siku tatu nne kila mwezi, yangu ilikua Alhamisi mpaka Jumamosi, na Jumamosi ndo siku watu wananunua. Wiki ya darasa sikufungua duka jipya, uzalishaji wote uliisha Jumatano, na yule binti wa lebo nikampa simu ya biashara na ruhusa ya kuamua bila kunipigia, ilimradi kiasi kisizidi tulichokubaliana. Wanafunzi wenzako usiwategemee kama wateja, watanunua kopo moja kwa heshima basi, wana faida zaidi ukiwaomba wakague Excel yako.

Ada usiitoe kwenye mtaji jamani, hata ukiona kozi nzuri kiasi gani. Omba kulipa kwa awamu, na uliza kama kuna punguzo kwa anayejilipia mwenyewe. Kama hela hamna, kozi ya biashara ya 10,000 Women ya benki ya Goldman Sachs iko bure mtandaoni. Stanford Seed, programu ya Chuo Kikuu cha Stanford, iache kwanza, wanataka kampuni yenye mauzo makubwa tayari. Chuo cha uongozi cha ESAMI Arusha, Chuo Kikuu cha Strathmore Nairobi na shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Dar waandikie barua pepe ulinganishe ratiba, na swali la kwanza liwe hili: moduli ikiangukia kwenye msimu wangu wa kununua malighafi naweza kuifanya na darasa linalofuata bila kulipa tena? Jibu walilete kwa maandishi, maana ahadi ya mdomo ikifika mwezi wa sita na karanga ziko sokoni hakuna atakayeikumbuka.