Ligawe jedwali kwanza, jeni baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kuchambua data za jeni, nianze na aibu yangu. Mwaka wa kwanza nilimpelekea msimamizi wangu jedwali nililodhani litanitoa. Alilitazama kwa muda wa kumeza funda moja la chai, akauliza: "Hawa watu asili yao wapi?" Safu hiyo sikuwa nayo.

Hakunigombeza. Alinipa kazi ya kusoma habari za Wapima (kabila la Pima) wa Arizona, Marekani, ambao wenyewe hujiita Akimel O'odham, watu wa mto. Kisukari aina ya 2 kimewaandama kiasi kwamba watafiti walikuwa wakiwapima mfululizo tangu 1965. Mwaka 1988 William Knowler na wenzake wakatoa hesabu ya watu 4,920 wa Pima na majirani zao Tohono O'odham. Walikuwa wakitazama Gm3;5,13,14, kifurushi cha jeni za kingamwili ambacho mtu hurithi kwa pamoja. Waliokuwa nacho, wenye kisukari ni asilimia 8. Wasiokuwa nacho, 29.

Hapo mkono unawasha. Jeni ya kinga inazuia kisukari! Andika, tuma, subiri pongezi.

Ila wale walikuwa na safu niliyoikosa mimi: kila mtu na kiasi cha asili yake ya wenyeji wa kwanza wa Amerika, kwa mafungu ya nane. (Hesabu mababu na mabibi waliowazaa babu na bibi zako, utapata wanane.) Kifurushi kile ni cha kawaida kwa Wazungu na adimu kwa Mpima asiyechanganyika, kwa hiyo aliyenacho yaelekea ana Mzungu kwenye ukoo. Wakagawa jedwali kwa asili na kusawazisha umri. Kwa wenye asili nusu kwa nusu, asilimia zikawa 28.3 kwa waliokuwa nacho na 28.8 kwa wasiokuwa nacho. Kwa Wapima halisi, 35.9 na 39.3. Lile pengo kubwa likayeyuka. Gm ilikuwa alama tu ya ukoo.

Jaribuni nyumbani. Changanya wakazi wa Dar es Salaam na wafugaji wa Kimaasai kwenye jedwali moja, jeni ya kumeng'enya maziwa ukubwani, iliyo ya kawaida zaidi kwa Wamaasai, inaweza kuonekana dawa ya kisukari.

Wala msidhani asili nayo ndiyo jibu. Wapima wa Maycoba, Mexico, ni ndugu wa damu wa hawa wa Arizona, na utafiti uliotoka 2006 uliwakuta wenye kisukari ni asilimia 6.9, dhidi ya 38 kwa wa Arizona. Wa Maycoba bado walilima kwa nguvu zao. Wa Arizona mto wao ulikwishachepushwa na walowezi karne ya 19.

La mwisho si la hesabu. Wahavasupai, kabila jingine la Arizona, walitoa damu kuanzia 1990 wakijua ni kwa ajili ya kisukari. Mwaka 2003 Carletta Tilousi, Mhavasupai, alihudhuria utetezi wa tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, akasikia damu hiyo ikitumika kwa mambo mengine, akauliza kama ridhaa iliombwa. Wahavasupai wakashtaki, kesi ikaisha 2010 kwa wao kulipwa dola 700,000, na wakaenda wenyewe kuichukua damu yao kwenye friza.