Mita inasoma 1.1, mbona sisikiki?

SWALI: Nina redio ya ridhaa (ya wapenda redio, ya kupokea na kurusha) ya wati 20 na antena ndogo ya kubeba: fimbo ya kuvuta yenye urefu wa mita 2.5, koili chini yake, na stendi ya miguu mitatu. Naitumia bendi ya mita 40. Nikilaza nyaya mbili fupi chini, SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio) inasoma 1.1 na vituo vingi navisikia vizuri, ila nikiita sijibiwi. Mwenzangu alinishauri niongeze nyaya za ardhini. Nilipotandaza 16, SWR ikaruka hadi 2.3, nikazikunja haraka nisije nikaunguza redio. Aliyeniuzia antena ananiambia ninunue tyuna (kifaa cha kulinganisha redio na antena) na amplifaya (kikuza nguvu) ya wati 100. Nianze na kipi?

JIBU: Usianze na chochote kati ya hivyo viwili. Rudisha zile nyaya 16 ardhini. Siku ulipozitandaza ndiyo siku antena yako ilipofanya kazi vizuri kuliko siku nyingine zote tangu uinunue, na mita ikakufanya uzikunje.

Sikulaumu wewe. Swali hili linanijia mara kwa mara, kila mtu na antena yake, lakini ndani yake mna imani ileile: kwamba SWR ni alama za mtihani za antena, ikiwa karibu na 1 antena imefaulu, ikipanda imefeli. Imani hii imewakatisha tamaa watu wengi walioipenda redio kwa dhati, na inanikera kwa sababu wapo wanaoijua kuwa si kweli na bado wanauzia bidhaa juu yake.

SWR haipimi kinachopaa hewani. Inapima jambo moja tu: kama mzigo ulio mwisho wa kebo unakaribiana na omu 50 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ambazo redio inazitarajia. Mzigo huo unaweza kuwa antena nzuri, au ukawa resista iliyozamishwa kwenye kopo la mafuta. Mzigo bandia tunaoutumia mezani kupimia redio unasoma karibu 1.0 kwenye bendi zote za mawimbi mafupi, na umetengenezwa makusudi ili mtu asikusikie.

Sasa tuifanyie hesabu antena yako. Kwenye megahezi 7.1 wimbi lina urefu wa mita 42 na kitu. Fimbo ya mita 2.5 yenye koili chini ina ukinzani wa mnururisho wa takriban omu 1.4. Hiyo omu 1.4 ndiyo sehemu pekee ya nguvu yako inayogeuka kuwa wimbi. Koili yenyewe, hata ikiwa imesukwa vizuri, inaongeza omu 5 hivi za waya unaopata joto. Kisha kuna ardhi. Mkondo unaopanda kwenye fimbo lazima urudi, na ukiwa na nyaya mbili fupi tu unarudi kwa kupita kwenye udongo. Udongo si shaba. Kwa usanidi kama wako, omu 40 za upotevu si ajabu.

Jumlisha: 1.4 na 5 na 40, unapata omu 46.4. Zimekaribia 50 sana, ndiyo maana mita yako ilisoma 1.1 ukafurahi. Lakini angalia wati zako 20 zilivyogawanyika: 17 na ushei zilipasha udongo joto, 2 zilipasha koili, na hewani ikapanda 0.6. Asilimia 3.

Ulipotandaza nyaya 16, mkondo ukapata njia ya shaba ya kurudia. Chukulia upotevu wa ardhi ulishuka hadi omu 15. Jumla sasa ni omu 21.4. Gawanya 50 kwa 21.4 upate SWR ya 2.3, ileile uliyoiona. Mnururisho nao umepanda kutoka asilimia 3 hadi 6.5. Hata ukitoa ile asilimia 16 hivi inayorudishwa na SWR ya 2.3, bado unarusha zaidi ya wati 1, karibu mara mbili ya mwanzo. Ulichokiona kwenye mita kilikuwa upotevu ukiondoka.

Hofu ya kuunguza redio ina msingi wake kidogo, kwa hiyo tusiipuuze. Redio nyingi za sasa hupunguza nguvu zenyewe SWR inapopanda. Dawa yake ni transfoma ndogo ya feraiti (kauri yenye sumaku) pale chini ya fimbo, ya kushusha omu 50 hadi 25. Omu 21.4 mbele ya 25 ni SWR ya 1.2, na nyaya zako zimebaki ardhini. Ukiongeza nyaya, rekebisha mwangwi (masafa ambayo antena inaitikia vizuri zaidi) upya kwa kuvuta au kufupisha fimbo, maana huwa unahama. Ukiweza kuazima analaiza (kifaa cha kupimia antena), usiitazame SWR kabisa. Tazama ukinzani kwenye masafa ya mwangwi. Ongeza nyaya nne, pima. Ongeza nne nyingine, pima. Ukinzani ukiendelea kushuka, endelea. Ukigoma kushuka, ardhi imekupa ilichokuwa nacho. Nyaya nyingi fupi zina faida kuliko chache ndefu. Za mita 3 zinatosha kwa fimbo kama yako.

Koili nayo, ikiwa inaondoka, ipandishe katikati ya fimbo. Ukinzani wa mnururisho unaongezeka takriban mara mbili, ingawa koili itabidi iwe kubwa zaidi. Ama funga juu ya fimbo nyaya chache zilizotandazwa kama mbavu za mwavuli: hapo koili inapungua na mnururisho unaongezeka kwa pamoja.

Kuhusu kusikia vizuri bila kusikika, hilo nalo limekupoteza. Kwenye bendi ya mita 40 kelele unazozisikia hazitoki ndani ya redio, zinatoka nje: radi za mbali, taa, chaja, mitambo ya watu. Antena yenye hasara inapunguza kituo na kelele kwa kiwango kimoja, kwa hiyo uwiano wao haubadiliki na sikio lako linaona mambo ni shwari. Unaongeza sauti kidogo, basi. Kwenye kurusha hakuna msaada huo. Yule wa upande wa pili ana kelele zake palepale alipo, na wati 0.6 yako inafika ikiwa chini yake.

Amplifaya? Wati 100 kwenye asilimia 3 ni wati 3 hewani. Wati 97 zilizobaki zinaenda kwenye koili na udongo. Na juu ya koili, pale inapoungana na fimbo, volti zitapita 1,000. Hata kwa wati zako 20 pana volti mia kadhaa pale, kwa hiyo mtu asiishike fimbo unaporusha, hasa watoto wanaopenda kusogea kutazama. Tyuna nayo haigusi hata moja ya zile omu 40. Inaifanya redio iridhike na mzigo. Mzigo wenyewe unabaki ulivyo.

Kama eneo lako linaruhusu, kata waya wa mita 20, ugawe katikati, tengeneza dipoli (antena ya vipande viwili sawa vya waya, kebo ikiungwa katikati). Nyanyua katikati yake hadi mita 6 au 7 kwa ufito mwepesi wa kuvulia samaki, ncha zishuke pande mbili. Ukiukunja unaingia kwenye mfuko mmoja na ni mwepesi kuliko stendi yako ya miguu mitatu. Katika dipoli hiyo hasara ya waya wenyewe ni ndogo mno, na kwa vituo vya kilomita mia chache ndiyo utakayoishukuru. Tofauti yake na ile fimbo yenye nyaya mbili inakaribia desibeli 15, yaani alama mbili na nusu za S, zile za mita ya nguvu ya ishara kwenye redio. Hakuna amplifaya ya wati 100 itakayokupa hizo kutoka wati 20, inakupa desibeli 7.

Fimbo usiitupe. Ipeleke bendi za juu. Kwenye megahezi 14 ukinzani wake wa mnururisho unafika omu 5 na nusu, na koili inayohitajika ni ndogo zaidi. Kwenye megahezi 28 fimbo hiyohiyo inakaribia robo ya wimbi kamili, koili haihitajiki sana, na kwa nyaya nne nzuri chini yake inafanya kazi ya antena ya heshima. Tatizo halikuwa udogo wenyewe. Tatizo ni udogo ukilinganishwa na wimbi, na hilo muuzaji halisemi.

Yapo mengi wasiyoyasema. Niliwahi kuletewa antena fupi ya kubeba iliyosifiwa kuwa ina SWR chini ya 1.5 kuanzia megahezi 3 hadi 30, haihitaji nyaya za ardhini, haihitaji kurekebishwa. Aliyenayo alikuwa ameita miezi miwili mfululizo akijibiwa mara chache sana. Chini ya fimbo kulikuwa na kisanduku cheusi kilichojazwa gundi ngumu. Nikaipasha moto na kuichimba kwa bisibisi, kama saa nzima. Ndani mlikuwa na pete moja ya feraiti yenye mizunguko michache ya waya, na kando yake resista ya kauri iliyogeuka kahawia upande mmoja, lebo yake imebabuka kwa joto. Resista hiyo ndiyo iliyokuwa inampa SWR nzuri. Mwenyewe alikuwa amekaa karibu yangu akinitazama, na sikujua nimwambie nini kwanza.

Fizikia ya jambo hili si ngeni. Mhandisi Harold Wheeler aliandika juu ya mipaka ya antena ndogo mwaka 1947, na mwingine, Chu, akafuata mwaka 1948. Kwa lugha ya fundi: antena iliyo ndogo sana mbele ya wimbi, ikiwa haipotezi nguvu, lazima iwe na ukanda mwembamba wa masafa. Ukisogea kilohezi chache inakutoka. Kwa hiyo ukiambiwa kuna fimbo fupi inayofunika bendi nzima ya mita 40 bila kuguswa, sifa hiyo ichukue kama ushahidi wa hasara.

Antena ya kitanzi inaonyesha jinsi hasara inavyoingia kwa urahisi. Kitanzi cha kipenyo cha mita 1, cha bomba la shaba la milimita 22, kwenye megahezi 7 kina ukinzani wa mnururisho wa omu 0.006 tu, huku shaba yenyewe ikiwa na omu 0.03 za upotevu. Kikitengenezwa kwa uangalifu kinarusha asilimia 15 hivi, na kwenye megahezi 14 kinapita 60. Lakini kiungo kimoja kilichofungwa kwa skrubu badala ya kulehemiwa kinaweza kuongeza upotevu kuliko bomba zima. Anayekuuzia kitanzi cha kebo nyembamba chenye viungo vya kubana na kukuambia ni sawa na cha bomba, mwache aende.

Kebo pia inashiriki kudanganya. Chukua kebo inayopoteza desibeli 3, acha mwisho wake wazi bila antena yoyote, pima: mita itasoma 3, kwa sababu wimbi linapungua likienda na likirudi. Weka antena mbovu kiasi mwisho wa kebo hiyo na utaisifia. Pimia kwenye antena, au tumia kebo fupi. Na zile zisizohitaji nyaya za ardhini, mara nyingi nyaya zao ni ganda (shaba ya nje) la kebo yako. Zungusha kebo kwenye pete ya feraiti karibu na antena. SWR ikiruka, au maikrofoni ikiacha kukupiga shoti mdomoni, ujue kebo ndiyo iliyokuwa antena.

Ushahidi mwingine ninaoletewa ni ramani ya FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta kupitia redio: «Nimesikika kilomita 6,000, antena ni nzuri.» FT8 inasoma ishara zilizo desibeli 20 chini ya kelele, kelele zikipimwa kwenye upana wa kilohezi 2.5. Mazungumzo ya sauti yanataka ishara iwe juu ya kelele. Kusikika kwa FT8 kunathibitisha kwamba anga lilikuwa wazi na kwamba programu imeandikwa vizuri. Hata antena ya asilimia 3 itasikika.

Njia ya haki ya kupima ni kulinganisha. Simamisha fimbo yako na dipoli ya waya, ziache mita 20 au zaidi mbali, kebo za urefu mmoja. Rusha WSPR (ishara dhaifu za majaribio ambazo vituo vingine huzipima na kuripoti) dakika mbili kwa moja, dakika mbili kwa nyingine, nguvu ileile, kwa saa moja au zaidi, kisha chukua vituo vilivyozisikia zote mbili na utoe tofauti ya desibeli kituo kwa kituo. Fanya hivyo mara moja na nyaya mbili, mara ya pili na 16. Huyo anayekuuzia amplifaya mwite aje na antena yake yoyote aiweke kwenye nafasi ya fimbo.