Barua kwa mwanangu: wale wa safu ya nyuma

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Unauliza: hao wanafunzi kumi na mmoja wanaoburuza mkia uwatenge kwenye kikundi chao, au uwachanganye na wenzao? Jibu la mkato ninalo. Ila ngoja kwanza.

Unamkumbuka yule mvulana niliyekuwa nikimsema mezani kila jioni, mpaka baba yako akaniomba nimwache hukohuko shuleni? Muhula mzima daftari lake la hesabu nililijaza wino mwekundu. 52 kutoa 17, kaandika 45. 83 kutoa 29, 66. 40 kutoa 6, eti 46! Anatoa, na namba inaongezeka. Kwenye ripoti nikaandika "Hafikiri", kwa mwandiko wangu huu mnaousifu.

Siku moja, kwa uchovu tu wala si kwa hekima, badala ya kumwekea kosa nikamwambia, "Hebu lifanye hili kwa sauti." Akaweka kidole kwenye mamoja. "Mbili kutoa saba haiwezekani. Ulisema kubwa haitoki kwenye ndogo, mwalimu. Basi natoa mbili kwenye saba, tano. Tano kutoa moja, nne." Arobaini na tano.

Kweli nilisema, tena kwa maneno hayohayo. Nikafunua kurasa za nyuma: yasiyohitaji kukopa alipata yote, yanayohitaji alikosa yote, kwa njia ileile. Hakubahatisha hata moja. Miaka baadaye nikasoma kwamba Brown na Burton, watafiti wa Marekani, waliandika mwaka 1978 juu ya makosa ya namna hiyo: mtoto anaifuata kanuni kwa uaminifu, kumbe kanuni yenyewe ndiyo mbovu. Nilifurahi, na nikaumia upya. Ripoti ilikuwa imeshafika kwao, na sikuwahi kuiomba irudi.

Nimewaambieni tangu mkiwa wadogo: kosa lina sababu, liulize. Dada yako hapo huwa anamalizia sentensi kwa kuniigiza. Mwache.

Sasa viti. Ukiwatenga utapata nafasi ya kukaa na mmoja mmoja, nakubali. Lakini kikundi kikishaitwa cha vilaza, mwalimu mwenyewe huacha kuuliza, maana anadhani jibu analijua. Ingawa mimi yule mvulana sikumtenga, na bado sikumwuliza muhula mzima. Basi labda si suala la viti. Au ni la viti pia... Unajua ninakoelekea. Najizuia, darasa ni lako.

Na ukiuliza, nyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, aliwapima walimu akakuta wanasubiri jibu kama sekunde 1 tu. Waliposubiri 3 au zaidi, hata waliodhaniwa wazito wakaanza kusema. Wewe una haraka kama baba yako.

Ya viti tutaongea ukija. Njoo na daftari moja, lile lenye wekundu mwingi kuliko yote.

Mama yako