Jibu: Je, sponji ukutani inatosha kuondoa mwangwi wote?

Ndugu, umeuliza iwapo sponji nyembamba uliyobandika ukutani inaweza kukifanya chumba chako kiwe kama vile vyumba vya maabara visivyo na mwangwi kabisa. Haiwezi, na sababu kubwa ni unene.

Ili wimbi la sauti limezwe badala ya kurudishwa, kina cha kifyonzaji kinapaswa kukaribia robo ya urefu wa wimbi lenyewe. Sauti nzito yenye mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la takribani mita 3.4, hivyo inahitaji kina cha sentimita 85 hivi, ilhali sponji ya sentimita 5 hunasa zaidi sauti nyembamba na kuziacha zile nzito zikizunguka chumbani. Ndiyo maana vyumba vya maabara huwekwa kabari ndefu za pamba ya glasi au sponji kwenye kuta, dari na mara nyingi hata sakafuni, ambako watu hutembea juu ya wavu wa nyaya. Umbo la kabari si pambo: badiliko la ghafla kutoka hewani hadi kwenye kitu kingine ndilo hurudisha sauti, na ncha ile nyembamba hulilainisha.

Kuzuia kelele za nje, hata hivyo, ni kazi tofauti inayohitaji kuta nzito zisizopitisha hewa. Kwa kurekodi usemi, binafsi nisingekitamani chumba cha maabara. Paneli nene chache, zilizoachwa na nafasi ya hewa nyuma yake, zitakufaa zaidi.